Altezza RS200 ya 1999, nataka kuipeleka traki: pesa ianze wapi?

altezza_ya_Rongai (Nairobi)

Niaje wadau. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda, leo nimeamua kuuliza. Niko na Altezza RS200 ya 1999, ile ya injini ya 3S-GE BEAMS, gia sita za mkono, sio AS200 ya silinda sita. Nimeinunua kwa jamaa wa Thika Road aliyekuwa anaitoa wikendi tu. Bodi iko sawa, rangi imeungua juu ya boneti na paa lakini hiyo sijali. Dashibodi inasoma kilomita 168,000, sasa ukweli wa hiyo namba anajua Mungu na yule aliyeishusha melini Mombasa.

Lengo langu ni traki ya lami, uwanja wa mbio. Sio rali, sio dragi, na tafadhali msiniambie habari ya Ngong Road saa nane usiku. Nataka zile siku za kupigiwa saa pale Whistling Moran, Athi River, unaingia, unazunguka, unatoka, halafu jioni unarudi nyumbani na gari hiyo hiyo. Na hapo ndipo shida iko, sina treila na sina pikapu ya kuvuta, kwa hivyo ikinifia huko nimekwisha, na Jumatatu bado naihitaji kwenda kazi.

Niko na 250k ya kuanzia. Kila mtu ana lake. Beshte yangu mmoja anasema koilova (shokapu na springi za kurekebisha urefu) kwanza ishuke chini, mwingine anasema egzosti, wa tatu anasema hiyo injini ya 3S nitoe niweke ya 1JZ yenye turbo nisahau shida. Fundi wa mtaa ameizunguka, akapiga tairi teke, akasema hii hata kesho unaenda nayo. Mimi mwenyewe nikiikanyaga Southern Bypass nasikia inapanda revu vizuri lakini zile farasi 210 wanazoandika sizioni, sijui injini imechoka ama nilitarajia makubwa. Pia breki, ukishika kwa nguvu mara mbili tatu mfululizo zinanukia na pedali inaingia ndani kuliko kawaida.

Mwenye ameshapitia hii njia aniambie, ungekuwa wewe hiyo 250k ungeianzishia wapi?

FundiMudi_Ilala (Dar es Salaam)

Mdogo wangu salaam. Hizi Altezza nimezifungua nyingi, zilipoingia hapa mjini kila kijana alikuwa anaitaka, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyezilalia chini.

Koilova weka pembeni. Egzosti weka pembeni. Gari yako ina zaidi ya miaka 25 na kitu kinachozeeka hata gari ikiwa imeegeshwa kivulini ni mpira. Chuma cha Toyota cha miaka ile utakikuta kizima, ila mpira wowote uliotoka nao kiwandani umekufa au unakufa, na watu hawaoni kwa sababu ukienda zako 80 barabarani gari inakudanganya kwamba ipo poa. Sespensheni ya Altezza ni wishiboni mbili (mkono wa juu na wa chini) kila kona, mbele na nyuma, kitu kizuri sana kile, lakini hesabu zote walizopiga Wajapani zinategemea bushi, ule mpira wa kwenye maungio ya mikono, ikae pale pale walipoiweka. Bushi ikishapasuka, ukibana breki kwa nguvu gurudumu linarudi nyuma na kujigeuza lenyewe, wewe usukani umeunyoosha lakini tairi linaangalia kwingine. Sasa ukifunga koilova ya pesa nyingi juu ya bushi zilizokufa umenunua ugumu tu, gari itarukaruka na alainimenti uliyopiga asubuhi jioni siyo ile.

Kwa hiyo ingia chini na tochi. Bushi za mikono yote, bushi za stelingi reki, mauntingi za injini na ya giaboksi, bushi zinazoshika difu nyuma. Mipira ya rejeta ya juu na chini halafu ile midogo ya hita inayopita nyuma ya injini ukutani, hiyo kila mtu anaisahau mpaka imwage maji. Mipira minne ya breki, iminye na uikunje, ukiona nyufa ndogo ndogo haifai hata kwa kwenda sokoni.

Cha pili, na hiki nakuomba usikiruke: bolijointi za chini za mbele, zile zinazoshika gurudumu kwenye mkono wa chini. Ni ugonjwa wa Altezza na ndugu yake Lexus IS200 dunia nzima. Ikichomoka gurudumu linalala chini ya madigadi na hapo usukani hauna kazi tena. Piga jeki, ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na habu, nyanyua. Kukiwa na mchezo hata kidogo badilisha zote mbili, na kama hujui zilibadilishwa lini badilisha tu bila kupima. Chukua za Kijapani za kweli, za chapa ya 555 zinapatikana, ila angalia usiuziwe boksi la 555 ndani kuna kitu kingine.

Cha tatu ni mkanda wa taimingi. Unabadilishwa kila kilomita 100,000 na wewe hujui historia, maana yake ni sasa hivi, pamoja na tenshena, roleri na wota pampu kwa sababu ukishafungua umefungua. Hiyo BEAMS ya gia za mkono ina kompresheni (mgandamizo) 11.5 na valvu ni za titani, mkanda ukikatika valvu zinakutana na pistoni, na ukianza kuzitafuta valvu za titani hapo ndo utajua bei ya mkanda ilikuwa ya bure.

Halafu rejeta. Kichwa chake ni plastiki, angalia rangi, ikishakuwa ya kahawia badala ya nyeusi ipo njiani kupasuka. Na uangalie kama themostati ipo! Huku kwetu na huko kwenu kuna mafundi gari ikichemka cha kwanza wanatoa themostati na kuitupa, halafu wanajaza maji ya bomba. Bila themostati injini haishiki joto lake, kompyuta inaona bado ni baridi inaendelea kumwaga wese, oili inachafuka. Rudisha themostati, weka kulanti, weka kifuniko kipya cha rejeta.

Hapo hesabu nusu ya hela yako imeshaondoka na gari kwa nje haijabadilika kitu. Ndivyo inavyotakiwa.

Simba1JZ (Kiambu)

Mzee Mudi heshima yako lakini huyu msee anataka kucheza traki sio kupeleka gari inspekshen. Ukweli ni kwamba 3S Nairobi haina pumzi, nimekuwa nayo nimeiuza. 1JZ-GTE inatoka kiwandani na farasi 280, inaingia kwa Altezza bila vita nyingi, watu wameziweka hapa na Tanzania na bado ziko barabarani. Unaweka bushi mpya kwa gari haivuti ili iweje? Maliza injini kwanza, hayo mengine yanakuja polepole.

WamboNaks (Nakuru)

Simba acha kumchoma kijana. Nacheza autokrosi na Starlet ya zamani, sio lami, ni vumbi, lakini mambo ya gari kuukuu ni yale yale.

Kwanza @altezza_ya_Rongai hiyo injini pengine haijachoka. Farasi 210 zilipimwa usawa wa bahari. Nairobi uko juu mita 1,700 hivi na hewa huko ni nyepesi karibu asilimia 15, na injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyoko, haina ujanja mwingine. Kwa hivyo kwa hesabu ya haraka unaendesha farasi 175, 180, hata ikiwa mpya kabisa kwa karatasi. Athi River ni chini kidogo lakini sio kwa kiasi utasikia. Hiyo ndiyo sababu Subaru za turbo zinakuwa mabwana huku juu, turbo inarudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopotea, wala sio kwamba Altezza ni mbovu. Ongeza pia kwamba hiyo BEAMS ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu ya Japani, ukiiwekea super ya kawaida noki sensa ikisikia kugonga inarudisha taimingi nyuma na nguvu inapungua tena. Siku ya traki weka ile petroli ya bei, siku ya kazi endelea na ya kawaida.

Kabla hujalia nguvu piga kompresheni testi silinda zote nne. Zikilingana na hazina tofauti kubwa kati yao, badilisha plagi, filta, oili, na uiache injini hiyo iishi.

Sasa 1JZ. Ni tamu, sikatai. Lakini unaongeza injini ya silinda sita na turbo puani, gari inayosifiwa kwa kugeuka inaanza kukataa kugeuka. Joto linaongezeka kwa rejeta ambayo Mudi amekuambia uikague rangi. Giaboksi ya gia sita ya Altezza haikutengenezewa hiyo torki kwa hivyo unatafuta nyingine, halafu propela shafti, halafu breki zenye tayari zinanukia ukiwa na farasi 175. 250k itaisha kabla injini haijawashwa, na gari itakaa miezi gereji ikiwa juu ya mawe, tumeona ngapi?

Kuhusu siku yenyewe. Mashindano rasmi Kenya yako chini ya KMSF, shirikisho la michezo ya magari, kwa hivyo uliza waandaaji mapema kama ni mashindano ya leseni ama ni siku ya kuendesha tu. Vyovyote iwavyo wataangalia gari kabla hujaingia, na skrutini inarudisha watu nyumbani kwa vitu vidogo vya aibu: betri haijafungwa vizuri inacheza, teminali haina kifuniko, oili inadondoka, ndoana ya kuvutia gari haipo. Altezza yako ilikuja na ndoana ya kufungia kwa bampa, itafute kwa buti chini ya zulia, wengi waliipoteza. Faya ekstingwisha iwe imefungwa kwa mabano ya chuma na bolti, ile ya plastiki ya supamaketi gari ikigonga inakuwa kombora ndani ya gari. Vaa mikono mirefu, pamba, sio nailoni, na viatu vya soli nyembamba.

Helmeti: sio ya boda. Tafuta yenye kibandiko cha Snell SA, hiyo SA ni ya magari na ndani kitambaa chake hakishiki moto haraka, ile ya M ni ya pikipiki. Siku zingine za wazi wanakubali M, lakini kama unanunua nunua mara moja.

Na usome karatasi yako ya inshuarensi. Bima nyingi za gari zinaandika wazi kwamba mashindano na majaribio ya kasi hayalipwi. Ukigonga ukuta pale ni wako.

altezza_ya_Rongai

Asanteni sana, Fundi Mudi umenifanya nilale chini ya gari Jumapili yote. Matokeo: bolijointi ya kushoto ina mchezo, ukiinua na mtaimbo inasikika "tak". Bushi za mikono ya chini mbele zimepasuka unaweza ona upande wa pili. Themostati nimefungua… haipo haha. Nyumba tupu kabisa. Mkanda wa taimingi kuna stika kwa kava lakini imefutika, kwa hivyo nabadilisha. Kompresheni zinalingana vizuri, injini naiacha, pole Simba.

Sasa nimebaki na maswali mawili. Breki nifanye nini hasa, ninunue seti kubwa ya kalipa ama? Na kuna jamaa ananiuzia mikanda ya rali ya pointi nne, bei poa, nifunge?

MzeeWaUnguja_MK (Milton Keynes, Uingereza)

Assalaam alaykum jamaa. Yakhe mie niko Milton Keynes, Silverstone kwangu pua na mdomo, na nnaendesha MX-5 ya zamani ile ya 1.8 gia sita kwenye siku za traki. Na giaboksi yangu mie na yako wewe ni ukoo mmoja, Aisin ndiye aliyeziunda, ukiangalia utakuta pia kwenye Silvia S15 na RX-8. Kwa hiyo nakwambia kutokana na yangu: badilisha oili ya giaboksi na ya difu, 75W-90 nzuri, na ukibadilisha gia usiilazimishe ikiwa baridi, ipe mizunguko miwili ya taratibu.

Haya, breki. Kalipa kubwa usinunue bado. Nieleze kwanza kinachotokea maana hapa watu wengi hutupa pesa. Kuna magonjwa mawili tofauti. Ukikanyaga pedali ikawa laini, ikazama, hayo ni mafuta ya breki yamechemka, mvuke umeingia ndani ya mipira na mvuke unabanika. Ukikanyaga pedali ikawa ngumu kama kawaida lakini gari haisimami, hizo ni pedi zimezidi joto lake, zinateleza juu ya diski. Wewe umesema pedali inaingia ndani, basi anza na mafuta. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, hata ukiwa huendeshi. DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205, DOT 4 230, DOT 5.1 260. Ikishanyonya maji, DOT 3 hushuka mpaka 140, DOT 4 mpaka 155. Na gari la 1999 lililopita mikono mingi, Mungu ndiye ajuaye mafuta yale yamo tangu lini. Kwenye kona baada ya mnyooko mrefu hizo 140 unazifikia kabla hujamaliza mzunguko wa tatu.

Kwa hiyo: mafuta mapya DOT 4 nzuri au 5.1, toa upepo kona zote nne mpaka yatoke safi. DOT 5 bila ya nukta moja usiiguse, hiyo ni silikoni, haichanganyiki na hizi, watu huona namba kubwa wakadhani ndiyo bora. Mipira ya breki mipya kama alivyosema fundi. Kalipa zifunguliwe, pini zake za kuteleza zisafishwe na zipakwe grisi ya breki, moja ikiganda pedi inaliwa upande mmoja na joto linajaa kona hiyo tu. Halafu pedi za daraja la juu kidogo kuliko za barabarani. Lakini si za mashindano kamili, kwa sababu hizo zikiwa baridi hazishiki, na wewe unarudi nayo Rongai. Diski za kawaida zisizotobolewa zinatosha, zile za matobo huanza nyufa pale pale kwenye tundu.

Na la kutumia halina gharama. Ukimaliza dakika zako usiingie moja kwa moja kuegesha. Zunguka mzunguko mzima taratibu bila kugusa breki, upepo upite. Ukishaegesha usivute hendibreki, acha gia ndani na uweke jiwe nyuma ya tairi, maana nyuma nako kumepikika na vitu vya moto havitaki kubanwa vikipoa.

Mikanda ya pointi nne, hapana. Na sisemi hivi kwa sababu ya ubahili. Ule mkanda wa pointi nne hauna ule wa katikati ya mapaja, kwa hiyo ukigonga mbele mikanda ya mabega inauvuta ule wa kiunoni juu ya tumbo na wewe unateleza chini yake. Ukitaka mkanda wa rali basi ni pointi sita, siti ya kubana isiyolala, na kifaa cha shingo cha HANS, na pahala pa kufungia pa maana, si kwenye siti ya nyuma. Hivyo vyote pamoja ni mbali na bajeti yako. Mkanda wa Toyota wa pointi tatu uliokuja nao ukiwa mzima, haujakatika nyuzi, utakufaa kwa siku zako za mwanzo. Watu hapa hucheza miaka na ule ule.

Tairi sasa. Angalia ubavuni namba nne za mwisho za msimbo wa DOT (huu si ule wa mafuta ya breki), ikiwa 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, tairi hilo hata likiwa na meno mengi limeshakauka. Huhitaji uende semi sliki (tairi za mashindano zenye meno machache), nunua tairi nzuri mpya za barabarani 215/45 R17 na ujifunzie hapo, zikianza kulia zinakwambia mapema kabla hazijaachia, sliki haikwambii kitu. Upepo upime ukitoka kwenye traki zikiwa za moto. Gari yako mie ningeanza psi 30 zikiwa baridi, nikitoka nikikuta zimepanda zaidi ya 36 napunguza, na nazirudisha kabla ya safari ya nyumbani. Nati za magurudumu ni niutoni mita 103, uwe na toki renchi (spana inayopima mkazo) yako mwenyewe na uzikague baada ya kila kuingia, rimu ikipata moto na kupoa nati hulegea.

Oili ya injini jaza mpaka alama ya juu ya dipstiki, si katikati. Kwenye kona ndefu oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na pampu ikivuta hewa beringi za konrodi ndizo zinazolipa. Kila ukitoka, subiri kidogo, chomoa dipstiki.

Simba1JZ (Kiambu)

Haya sawa nimeshindwa kwa injini lakini kwa koilova nakataa. Altezza ikiwa na shokapu za zamani inalala kwa kona kama meli. Mtu hawezi kuenda traki na hizo. Na bushi afunge za poliurethani sio mpira tena, mpira ni wa wazee.

FundiMudi_Ilala (Dar es Salaam)

Simba hapo kwenye shokapu nakupa nusu. Kama zinavuja au gari inacheza zaidi ya mara moja ukiisukuma chini, zibadilishwe, lakini shokapu mpya za KYB na springi zake za zamani zinamtosha kwa mwaka wa kwanza. Ataanza kujua gari inafanya nini. Koilova za bei rahisi hazina nguvu ya kutosha ya kuizuia springi yake yenyewe, gari inakuwa juu juu, na barabara za kurudi nyumbani zenye matuta kila mita mia mbili hazitamsamehe.

Bushi za poliurethani nimezifunga na nimezitoa. Ni nzuri kama unazipaka grisi yake kila baada ya muda, hapo kwenye vumbi lenu la Athi River zinasaga na zinalia kila ukipita tuta. Pia kuna mikono mingine ya wishiboni inazunguka kwa namna ambayo bushi ngumu inaibana, inahamisha mzigo kwenye mabano ya bodi. Kwa gari inayoenda traki na kazini, mpira mpya wa Kijapani. Poliurethani weka kwenye stabilaiza tu, ile fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona.

Na alainimenti ipigwe mwisho, baada ya kila kitu kufungwa, na bolti za mikono ya chini zikazwe gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, siyo ikiwa inaning'inia juu ya jeki. Mafundi wengi wanakaza ikiwa juu, ikishushwa bushi tayari imejisokota, miezi mitatu imepasuka. Msimamie. Nyuzi za kamba (camber, mlalo wa gurudumu ukiangalia gari kwa mbele) omba hasi mbili hivi mbele pande zote ziwe sawa, kama bolti za kurekebishia hazijaganda kwa kutu. Zikiganda jiandae kukata.

Kuhusu vipuri mdogo wangu, nakuonea huruma. Huko kwenu gari haiingii ikizidi miaka minane, na Altezza ya mwisho ilitengenezwa 2005, kwa hiyo mnachinja zile zile zilizopo mpaka ziishe. Huku bado za umri huo zinaingia kwa ushuru wa uchakavu, ukikwama habu au mkono mzima, mtu wako akipita Dar mwambie apite Shaurimoyo, na akague mwenyewe.

WamboNaks (Nakuru)

Naongeza moja tu, uzito. Ni gari ya kilo 1,340 na kitu na kila kilo unayotoa ni nguvu ya bure. Siku ya traki toa tairi la spea, jeki, subwufa (najua iko, ni Altezza ya Nairobi), siti ya nyuma, na kila kitu kinachozunguka kwa buti. Usianze kukata chuma wala kukwangua ile lami ya kuzuia kelele sakafuni. Dashibodi na eabegi viache. Na weka kando 20k ya siku yenyewe, ya ada, petroli na pedi, msee anamaliza pesa kwa gari halafu hana ya kuingia getini. Ukifika omba mtu mwenye anaijua hiyo traki akae na wewe mizunguko ya kwanza, kama waandaaji wanakubali abiria. Dakika kumi za huyo mtu zinashinda koilova ya Simba.

altezza_ya_Rongai

Wadau niko na mpango sasa. Bolijointi mbili, bushi za mbele zote, mkanda wa taimingi na wota pampu, rejeta, themostati, mipira yote ya maji na ya breki, DOT 4, pedi, tairi mbili za mbele kwa sababu zile ziko ni za 2015. Shokapu zinavuja ya nyuma kulia kwa hivyo hizo ni za mwezi ujao. Helmeti ya SA naazima ya mtu kwanza. Mikanda nimemwambia yule jamaa asante, hapana. Nikishafunga yote naanza na siku ya kuendesha tu bila saa.

Swali dogo la mwisho, siti ya nyuma inatoka aje bila kuvunja klipu?

WamboNaks (Nakuru)

Ya kukalia kamata pembe ya mbele chini, upande mmoja mmoja, vuta juu kwa ghafla, klipu zinaachia. Ya kuegemea kuna bolti chini ukishatoa ya kukalia, fungua, halafu sukuma yote juu itoke kwa ndoana. Funga bolti kwa karatasi na uandike ni za wapi.

mwenye_AS200_Eldy (Eldoret)

Nimesoma yote, nimepata funzo, kesho naenda kuangalia kama yangu iko na themostati. @altezza_ya_Rongai hiyo siti ya nyuma kama ni ile nyeusi na haijachanika usiitupe kwa stoo, yangu imeliwa na panya. Niandikie inboksi na picha na bei.